Nafasi ya Kabamba Haiuzwi

Kila Wizara ya Ulinzi ya Uganda inapotangaza kwamba inahitaji vijana wa kusomea uafisa katika Chuo cha Kijeshi cha Kabamba, Kampala hujaa maneno. Kijana wa Bwaise anamtafuta mwenyekiti wa LC ya kwanza, yaani baraza la mtaa, amwandikie barua ya utambulisho. Binti wa Nakulabye anarudi shuleni kudai cheti chake cha kidato cha sita kilichozuiwa kwa deni la karo. Kabla hawajafika wanakokwenda, wameshaambiwa mambo chungu nzima na mwendesha boda boda, na shangazi, na kikundi cha WhatsApp cha ukoo, na kila msemaji anasema kana kwamba yeye ndiye anayeandika orodha ya waliochaguliwa.

Mengi ya maneno hayo si kweli, na machache ni kweli nusu. Nayajibu moja baada ya jingine kwa sababu yana gharama. Yapo yanayomfanya mzazi auze kiwanja, na yapo yanayomfanya kijana mwenye sifa zote abaki nyumbani akijiona hafai. Simvuti mtu jeshini. Ninachotaka ni kwamba anayekwenda aende akijua anakokwenda, na anayebaki abaki kwa hiari yake mwenyewe, asibakishwe na uvumi.

"Bila mkubwa na bila pesa, hupati."

Hili ndilo linaloumiza watu kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kuandikishwa katika UPDF, jeshi la Uganda, ni bure. Hakuna fomu ya kununua, hakuna ada ya usaili, hakuna "pesa ya faili". Jeshi limelisema hilo tena na tena kupitia wasemaji wake, na matapeli wanaojifanya maafisa wa uandikishaji wamekuwa wakikamatwa mwaka hadi mwaka. Hata hivyo biashara haikomi, kwa sababu ina mashahidi wanaoamini wanachokisema.

Tazama inavyoendeshwa. Dalali anachukua pesa kwa vijana kumi. Hamjui mtu yeyote Mbuya, makao ya wizara, wala Bombo kambini. Vijana wanakwenda kwenye usaili, wanakimbia, wanapimwa, wanahojiwa. Wawili wanapita kwa miguu yao na vyeti vyao. Dalali anabaki na pesa za hao wawili, na wao wenyewe wanageuka mashahidi wake: "Mimi nilitoa, nikapata." Wale wanane anawaambia kwamba mkubwa amehamishwa ghafla, wangoje awamu ijayo. Mmoja aliye msumbufu anarudishiwa nusu ili anyamaze. Mwaka unaofuata jina la dalali limekua. Hajamsogeza mtu hata hatua moja, lakini mtaa mzima unaapa kwamba yeye ndiye njia. Ndiyo maana ushuhuda wa aliyelipa akapata hauthibitishi kitu. Angepata bila kulipa.

Utapeli wa pili ni wa barua. Watu wa Kampala wanaijua Nasser Road, mtaa wa wachapaji, na wanajua kwamba pamoja na kazi nyingi za halali zinazofanyika pale, sifa ya kughushi nyaraka imeuganda mtaa huo kwa miaka mingi. Barua ya wito ya bandia huwa na nembo ya jeshi, muhuri wa buluu, sahihi ya kanali, na karibu na mwisho namba ya simu ya kutumia pesa za "usafiri na sare". Weka kidole hapo. Jeshi halimtozi kijana nauli ya lori lake wala bei ya buti zake. Barua yoyote inayokuomba utume mobile money ni barua ya mwizi, hata ikiwa imechapwa vizuri kuliko ya kweli. Na kijana anayefika kwenye lango la kambi akiwa na karatasi ya namna hiyo ana mengi ya kueleza, kwa sababu aliyeishika ndiye anayeonekana.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea. Mzazi aliyelipia nafasi hawezi kwenda polisi kifua mbele, na dalali analijua hilo fika.

Je, upendeleo haupo? Upo Uganda, na jeshi ni sehemu ya Uganda. Mwaka 2008 Meja Jenerali James Kazini, aliyewahi kuliongoza jeshi hili, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi katika kesi ya askari hewa, yaani majina ya watu wasiokuwepo yaliyokuwa yakilipwa mishahara. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba kambini wamejaa malaika. Nasema hivi: mkubwa mwenye uwezo wa kweli wa kumwingiza mtu atamwingiza mpwa wake. Hatahangaika kuuza nafasi hiyo kwa simu, kwa mtu asiyemjua, katikati ya kelele za Old Taxi Park. Anayekuuzia mtaani hana cha kuuza.

"Jeshi ni la walioshindwa shule."

Neno hili lina mizizi, na haifai kulifuta kwa dharau.

Waingereza walipokuwa wakiandikisha askari wa King's African Rifles (KAR) hapa Uganda, walitafuta kimo, kifua kipana na utii. Walikwenda zaidi kaskazini, kwa Waacholi, Walango na watu wa West Nile, wakiwaita makabila ya vita. Elimu haikuwa sifa. Idi Amin aliingia KAR mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi. Mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni, yeye na Shaban Opolot wakawa Wauganda wa kwanza kupewa kamisheni. Kwa hiyo nchi iliupokea uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 ikiwa na maafisa wazalendo wachache mno, na hao wachache wakapanda vyeo kwa kasi iliyozidi elimu na mafunzo yao. Januari 1964 askari wa Jinja waliasi, wakamshika Waziri Felix Onama, wakidai mishahara minono na maafisa Waafrika. Wiki hiyohiyo maasi ya namna hiyo yalitokea Tanganyika, na kule Lanet nchini Kenya. Miaka saba baadaye Amin alikuwa rais, na yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa mtu aliyekulia Uganda.

Wazee wanaosema jeshi ni la walioshindwa shule wanalikumbuka jeshi hilo, na kumbukumbu yao ni sahihi. Lakini silo jeshi linaloandikisha makadeti leo. Kijana anayeomba ukadeti kutoka uraiani anatakiwa awe amemaliza kidato cha sita na kufaulu angalau masomo makuu mawili katika mtihani wa UACE, au awe na shahada. Jeshi huwatafuta pia madaktari, wahandisi, wanasheria na watu wa kompyuta. Hata vita vya msituni vya Museveni, vya 1981 hadi 1986, vilikuwa na wasomi wake: Mugisha Muntu alitoka Chuo Kikuu cha Makerere akaingia msituni, na kuanzia 1989 hadi 1998 akawa kamanda wa jeshi; naye Kizza Besigye aliingia akiwa daktari. Wote wawili waliishia kuwa wapinzani wakubwa wa serikali waliyoipigania, jambo linaloonyesha kwamba akili zao hazikubaki getini walipovaa sare.

Tena elimu haidaiwi kwa ajili ya fahari. Luteni Usu anayetoka chuoni anakabidhiwa watu wapatao thelathini. Anatakiwa asome ramani, apige hesabu ya maji, mafuta na risasi, aandike ripoti inayoeleweka na mtu ambaye hakuwepo, na ajue sheria inamruhusu nini na inamkataza nini mbele ya raia. Asiyeweza kuyafanya hayo anaua watu wake kabla adui hajafika.

"Anza kama kuruta, uafisa utakuja wenyewe."

Hapa jibu ni fupi. Makuruta hufunzwa Kaweweta, wilayani Nakaseke, na wakimaliza wanakuwa askari wa kawaida. Makadeti hufunzwa Kabamba, wilayani Mubende, na wakimaliza hupewa kamisheni ya Luteni Usu. Ni milango miwili yenye matangazo mawili na sifa mbili tofauti. Ni kweli askari aliyeko kazini anaweza kuchaguliwa kwenda Kabamba, na wako maafisa wazuri waliopanda hivyo. Lakini atashindania nafasi hizo chache na wenzake wengi, na umri haumngoji. Mwenye sifa za ukadeti akikimbilia uandikishaji wa makuruta kwa sababu tu ndio uliotangulia kutangazwa, amejifungia njia ndefu. Soma kichwa cha tangazo kabla hujakwenda kupiga picha za pasipoti.

"Kampala haina nafasi, kajiandikishe kijijini kwa mjomba."

Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 210, inalitaka Bunge litunge sheria itakayohakikisha kwamba wanajeshi wanaandikishwa kutoka kila wilaya ya Uganda. Ndiyo sababu nafasi hugawiwa kwa maeneo, na ndiyo sababu timu za uandikishaji huzunguka nchi nzima badala ya kukaa Bombo na kungoja watu. Kampala ina fungu lake. Mtoto aliyezaliwa Kawempe au Makindye ni mtu wa Kampala, na kwao ni hapo.

Anayehamia kwa mjomba kwa ajili ya siku moja anajitafutia aibu. Barua ya LC inatakiwa itoke kwa mwenyekiti anayekujua, kisha ipitie ngazi za juu yake mpaka kwa watu wa usalama wa eneo. Timu ina watu wa wilaya hiyo mezani, nao wanauliza maswali mepesi yanayomshinda mgeni: mwenyekiti wenu anaitwa nani, shule ya msingi iliyo karibu na kwenu ni ipi, soko hukaa siku gani. Kijana aliyelelewa Kampala anafika mbele ya watu hao, anababaika kwa maswali matatu, anaambiwa akae pembeni. Tayari ametiliwa shaka hata kwa yale aliyosema kweli.

Hivyohivyo kuhusu umri. Zamani mtu aliweza kujipunguzia miaka kwa hati ya kiapo na baraka za wazee. Sasa taarifa zako ziko NIRA, mamlaka ya vitambulisho, tangu ulipoandikishwa kitambulisho cha taifa, na vyeti vyako vina kumbukumbu UNEB, baraza la mitihani. Tarehe ya kitambulisho isipolingana na ya vyeti vya shule, hilo ni jambo la kurekebisha mapema, kwa utaratibu wa NIRA wenyewe, miezi kadhaa kabla ya tangazo. Ni kero ya kweli kwa vijana wengi, maana makosa ya herufi na tarehe yalifanyika kwa haraka ya uandikishaji wa halaiki, nao hawakuyasababisha. Lakini siku ya usaili si siku ya kuyaeleza. Afisa aliye mezani ana foleni inayofika uzioni na hana mamlaka ya kukusahihishia jina.

Ndani ya neno hili la wilaya kuna jingine linalosemwa kwa sauti ya chini: kwamba jeshi ni la watu wa magharibi. Wanaolalamika wanatazama juu, kwenye ukamanda, na wana haki ya kuuliza kuhusu vyeo vya juu, kwa kuwa ibara ya 208 inasema jeshi liwe la kitaifa kwa sura yake na lisifungamane na chama. Ila kijana wa Luwero au Soroti anayekataa kuomba kwa sababu ya malalamiko hayo anasaidia yaendelee kuwa ya kweli. Majenerali wa miaka thelathini ijayo wanatoka katika foleni ya makadeti wa sasa.

"Vipimo ni kisingizio cha kuwatupa wasio na watu."

Anayesema hivi mara nyingi ni mtu aliyeondolewa siku ya kwanza bila kuelezwa vizuri, na uchungu wake nauelewa. Siku hiyo haina upole. Vijana husimama mstarini kwa kaptula na fulana, au kifua wazi. Daktari anapita. Anawaambia wanyooshe mikono na kukunja vidole kimoja kimoja, kwa sababu kidole cha shahada ndicho kinachovuta kilimi cha bunduki. Anatazama nyayo: zilizolala bapa kabisa huumia katika mwendo mrefu. Anatazama meno na macho, kisha makovu ya upasuaji wa tumbo, na goti lililowahi kuvunjika mpirani. Kijana aliyesoma miaka kumi na mitatu anaweza kuondolewa kwa goti alilolisahau. Inauma, lakini hakuna aliyemwonea.

Vipimo vya damu ndivyo vinavyobishaniwa zaidi, hasa cha virusi vya UKIMWI. Historia yake iko hapahapa. Mwaka 1986 serikali mpya ilipeleka wanajeshi 60 Cuba kwa mafunzo. Madaktari wa Cuba waliwapima na kukuta 18 wana virusi. Septemba mwaka huo, kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote mjini Harare, Fidel Castro alimvuta Rais Museveni pembeni akamweleza. Habari hiyo ndiyo iliyochangia kuifanya Uganda izungumze waziwazi kuhusu UKIMWI wakati nchi nyingi zilikuwa zimefunga mdomo. Kupimwa kwa wanaojiunga kulitokana na hofu hiyo. Mimi naona wakati umefika wa kuujadili upya utaratibu huo, kwa kuwa dawa za leo humwezesha mtu kuishi na kufanya kazi ngumu kwa miaka mingi. Lakini ni utaratibu unaomhusu kila mwombaji, mwenye mjomba jenerali na asiye na mjomba.

Fanya hili badala ya kunung'unika: jipime mapema. Nenda kituo cha afya cha serikali, pima macho, shinikizo la damu, mkojo, virusi. Anza kukimbia miezi mitatu kabla, alfajiri, katika milima ambayo Kampala imejaliwa nayo kwa wingi. Wengi wanaoanguka siku ya usaili huangukia kwenye mbio, wakiwa wamelala njaa na kuvaa viatu vya kuazima.

"Kiswahili utakikuta hukohuko."

Utakikuta, ndiyo, lakini kitakukuta umechoka. Amri za kwata hutolewa kwa Kiswahili, matusi ya mkufunzi ni ya Kiswahili, na hata sikukuu ya jeshi inaitwa Tarehe Sita, kwa kumbukumbu ya tarehe 6 Februari 1981, Museveni na kundi lake walipoishambulia kambi hiyohiyo ya Kabamba wakitafuta silaha. Watu wa Buganda walikichukia Kiswahili kwa sababu waliokisema usiku, mlangoni, walikuwa wamebeba bunduki. Chuki hiyo ilikuwa na haki yake kwa wakati wake. Ila Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ilikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kadeti anayefika akiwa anakielewa hupata nafasi ya kuwaza anachofundishwa, wakati mwenzake bado anatazama jirani anageukia upande gani.

"Msichana akienda Kabamba ameharibika."

Hili husemwa na akina mama na akina baba wanaowapenda binti zao, nami nawajibu kwa heshima.

Wanawake wamekuwemo katika jeshi hili tangu lilipokuwa msituni. Proscovia Nalweyiso, aliyejiunga na NRA, jeshi la msituni la Museveni, wakati wa vita hivyo, alipanda mpaka cheo cha Luteni Jenerali, cheo ambacho wanaume wengi walioanza naye hawakukifikia. Matangazo ya ukadeti huwahimiza wanawake waombe. Makadeti wa kike hukimbia umbali uleule, hubeba bunduki ileile, na hupewa kamisheni kwenye uwanja uleule.

Hofu ya mzazi kuhusu unyanyasaji ni ya haki. Kila mahali ambapo mtu mmoja ana amri juu ya usingizi na chakula cha mwingine, hatari hiyo ipo, iwe bweni la shule, ofisi au kambi. Dawa yake si kumficha binti. Mwambie waziwazi kabla hajaondoka kwamba hakuna amri halali inayohusu mwili wake, kwamba akiguswa aripoti, na kwamba akirudi nyumbani kwa sababu hiyo hatapokewa kwa lawama. Binti mwenye nyumba ya kurudi ni vigumu kumtisha. Yule aliyeambiwa "ukirudi umetuaibisha" ndiye anayenyamaza.

"Somalia itakutajirisha."

Askari wa kwanza wa Uganda walitua Mogadishu Machi 2007. Kwa miaka kadhaa posho ya AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika huko, ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari, fedha iliyotolewa na Umoja wa Ulaya. Nyumba nyingi za matofali vijijini zimejengwa nayo, na bodaboda nyingi za Kampala zilinunuliwa nayo. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20, posho zikachelewa miezi na miezi. Misheni ikabadilishwa kuwa ATMIS mwaka 2022, kisha AUSSOM mwaka 2025, na kila badiliko limekuja na swali lilelile la nani atalipa. Anayeomba ukadeti leo akipiga hesabu za posho ya 2012 anapanga maisha kwa pesa ambayo haipo.

Na kuna upande mwingine wa hesabu hiyo. Alfajiri ya tarehe 26 Mei 2023, wapiganaji wa al-Shabaab waliivamia kambi ya askari wa Uganda huko Buulo Mareer, Somalia. Siku chache baadaye Rais Museveni alitangaza kwamba askari 54 wa Uganda walikutwa wamekufa, miongoni mwao kamanda wao. Alisema pia kwamba maafisa wawili wenye cheo cha meja waliwaamuru askari warudi nyuma, na kwamba wangeshtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Nawaomba vijana wanaotaka nyota begani waisome habari hiyo mara mbili. Uafisa ni kutoa amri saa kumi alfajiri, milipuko ikiwa imeshaanza, huku watu wanakutazama wewe uamue. Ukikosea, wanakufa, nawe unabaki kujibu. Kijana asiyeutaka mzigo huo kwa mshahara wowote ni mtu mwenye busara, na atafute kazi nyingine bila aibu. Anayeutaka, auombe kwa sababu hiyo.

"Ukiingia hutoki."

Katika yote niliyoyajibu, hili ndilo lililo karibu na ukweli kuliko mengine, na sitalipunguza.

Mwaka 1996 Meja Jenerali David Tinyefuza alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge akikosoa jinsi vita vya kaskazini mwa nchi vilivyokuwa vikiendeshwa. Alipoona hatari inamnyemelea, aliandika barua ya kujiuzulu, kisha akaenda Mahakama ya Katiba. Mwaka 1997 alishinda. Januari 1998 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo: afisa hatoki jeshini kwa kuandika barua tu, anatoka kwa kanuni za jeshi na kwa ruhusa ya chombo kinachohusika. Jenerali huyo, ambaye baadaye alijulikana kama Sejusa, alikuja kustaafu rasmi mwaka 2022. Alikuwa mwanasheria, alikuwa jenerali, alikuwa na majina makubwa upande wake, na bado ilichukua zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Luteni Usu hana hata robo ya hayo. Maafisa hustaafu, ndiyo, kila mwaka, kwa umri na kwa miaka ya utumishi, na hupewa mafao yao. Lakini kamisheni haifanani na kazi ya benki ambayo unaiacha kwa notisi ya mwezi mmoja. Anayefikiri ataingia Kabamba apate mafunzo, akae miaka miwili, kisha atoke akafungue kampuni ya ulinzi, hajaelewa anachotia sahihi. Kijana wa miaka ishirini anaombwa atoe ahadi inayofika miaka yake ya arobaini na zaidi, na hili ndilo la kukaa chini na wazazi na kulizungumza, jioni nzima, badala ya kuzungumzia dalali.

Basi tangazo litakapotoka, lisome lote katika gazeti au katika tovuti ya wizara, wala usitegemee picha iliyokatwa nusu kwenye simu. Tayarisha kitambulisho, vyeti halisi na nakala zake, barua ya LC ya mahali unapoishi, na afya yako. Fika mapema, sema kweli, kimbia. Na wewe mzazi, ukipigiwa simu na mtu anayekuahidi nafasi ya mwanao kwa pesa, usiuze kiwanja. Iandike namba hiyo, uipeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe siku hiyohiyo, kabla hajampigia jirani yako.